Ndizi za Ruziba

Lori la Valéry liliingia Kanyosha asubuhi likiwa limejaa ndizi hadi mbao za ubavuni zimetoka matumbo, na Léoncie akafurahi kabla hata hajaziona vizuri. Kwa wiki kadhaa hakuna mkungu ulioshuka kutoka vilimani. Tangu watu wa pembezoni mwa mji waondolewe majumbani na kukusanywa kambini, ati wasiwalishe waasi, migomba ilibaki peke yake na wanajeshi. Pipa lake la kupikia pombe lilikuwa limekauka, mrija wa shaba unaning'inia bila kazi, na wanawake sita aliowaajiri walikuwa wakija asubuhi, wakifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kisha wakirudi makwao na aibu ya kulipwa kwa kufagia.

"Patroni!" Valéry aliita kwa dirisha la lori. "Si ulisema Burundi hakuna ndizi? Hivi ni nini, viatu?"

"Shusha kwanza. Kelele utapiga baadaye."

Wanawake walishika kazi kwa vicheko. Zilikuwa ndizi za pombe, nene, za kijani kibichi, zinazokaza ulimi ukizila mbichi lakini zikikaa kwenye shimo la moto na majani hutoa juisi tamu kama asali. Kutoka kwenye juisi hiyo Léoncie alikuwa akitengeneza pombe kali isiyo ya kufichwa. Wenzake wengi bado walipika kanyanga vichakani na kukimbia kila wakisikia viatu vya polisi. Yeye alikuwa na karatasi ya ruhusa kutoka komini, chupa safi, na kibandiko chenye jina lake. Wanaume wa Kanyosha walipoagiza kinywaji walisema, "Nipe Léoncie moja," na mume wake Zénon alipokuwepo walicheka zaidi.

Béatrice, kiongozi wa wakamuaji, ndiye aliyesimama wa kwanza. Alikuwa ameshika mkungu kwa shingo. Penye shingo hiyo palifungwa kitambaa cha kitenge, cha njano, chenye ndege weusi.

Huko Ruziba, pembezoni mwa mji, mkungu unaoinamia upande wa jirani hufungwa kitambaa na mwenyewe, ili jirani asije akajisahau. Kila mama ana kitenge chake cha kuchana, na majirani wanakijua kama wanavyojua sauti yake. Askari waliokata mikungu ile walikuwa watu wa mbali. Wao waliona matambara tu.

Léoncie alikijua kitenge kile. Alikinunua mwenyewe soko kuu, akampa wifi yake Spéciose siku alipobatizwa mtoto wake wa mwisho, Claude.

"Mama Chanelle," Béatrice alimwambia Léoncie polepole, "hizi si za wifi..."

"Ni ndizi."

"Lakini kitambaa..."

"Kikate. Kitachafua juisi. Na vingine vyote ukiviona, kata, tia motoni."

Béatrice alimtazama, kisha akachukua kisu. Wale wengine waliacha kucheka, ila hawakuacha kushusha. Kila mmoja wao alikuwa na watoto nyumbani.

Léoncie alimvuta Valéry nyuma ya lori. "Umezitoa wapi?"

"Kwa mkubwa mmoja."

"Mkubwa ana shamba?"

"Siku hizi ana mashamba yote, patroni." Valéry alicheka, akaona hachekewi, akafuta mdomo. "Sikiliza. Mwenyewe yuko kambini, hawezi hata kuzigusa. Zingeoza pale juu. Mi nimelipa barrière za barabarani, nimelipa mafuta, nimelipa mkubwa. Kama huzitaki, sema. Kuna mama mmoja Musaga anangoja na mapipa mawili."

"Yule anayetia sukari ya kuunguza?"

"Basi watakunywa sukari yake huko Mutanga, siku yenu ya wanawake."

Hapo alikuwa amegusa kidonda. Madame Adélaïde wa Mutanga Nord, mwenyekiti wa akina mama wafanyabiashara, alikuwa ameagiza chupa za kutosha meza zote za sherehe ya tarehe nane Machi. Angekuwepo pia mwenye duka kubwa la katikati ya mji, aliyetafuta kinywaji cha nyumbani cha kuweka rafuni. Avansi aliyolipa Adélaïde mapema ilikuwa imekwisha kugeuka chupa tupu za duka la Majid na ada ya binti yake Chanelle shuleni. Pombe isipopatikana, Léoncie angerudishia nini, na kwa mkono upi?

Alihesabu noti, akampa Valéry, wala hakupunguza bei. Ilikuwa mara ya kwanza Valéry kumwona akinunua kitu bila kubishana.

*

Zénon alirudi mchana kutoka wizarani, na shati lake la ofisini lililokwisha kola. Alikuta shimo limekwisha fukiwa, moshi mwembamba unatoka pembeni. Nani alimwambia? Kanyosha haina ukuta. Hakukaa mezani.

"Mama Chanelle, umenunua ndizi za dada yangu kwa mwizi."

"Nimenunua ndizi kwa Valéry."

"Spéciose ni damu yangu!"

"Damu yako ilikula nini jana?" Léoncie aliweka sahani ya maharage mbele yake. "Nani alipeleka unga kambini wiki iliyopita? Mshahara wako? Mshahara wako haujapita hata mlango wa wizara."

"Usinitukane ndani ya nyumba yangu."

"Sikutukani. Nakuuliza. Tuzirudishe? Haya, sema. Kwa nani? Uende wewe kwa huyo mkubwa, ukamwambie, samahani afande, ndizi ulizoiba ni za dada yangu. Nenda. Nitakushikia koti."

Zénon alikuwa mtu wa mafaili. Maisha yake yote alikuwa amepokea amri na kuipiga muhuri. Alivuta kiti.

"Angalau umwambie," alisema. "Umwambie mwenyewe kabla hajasikia."

"Nitamwambia nikiwa na kitu cha kumpa. Mutu huwezi kumpelekea msiba mikono mitupu. Nikilipwa Mutanga, nitamlipa Spéciose bei yote, juu yake niongeze."

Alikuwa anasema kweli, au aliamini hivyo. Zénon alikula maharage yote. Aliomba na ya nyongeza.

*

Spéciose alikuja ndizi zikiwa bado shimoni. Alitembea kutoka kambi ya Ruziba na ruhusa ya kutafuta chakula hadi alasiri. Alikuwa mwanamke mrefu. Sasa urefu ulikuwa umebaki mifupa tu. Lakini uso wake uling'aa, na alianza kusema kabla ya kuketi.

"Wifi, nipe maji, halafu nipe masikio. Kamanda amesema tutaruhusiwa kwenda mashambani, kila nyumba mutu mumoja. Nitakata! Zangu zitakuwa zimejaa sasa, zimenona kama mapaja ya bibi harusi. Mutu mwingine asiziguse. Ni za Léoncie, nimewaambia wote kule."

"Keti, Spéciose."

"Naketi, naketi. We mbona umekonda? Mwenye pesa akikonda, sisi tufanyeje?" Alicheka peke yake, akanywa maji mpaka mwisho. "Sasa nina ombi. Si la kuomba bure, mi si ombaomba. Nipe avansi ya zile ndizi. Claude anaharisha tangu juzi. Maji ya pale ni ya kuoshea nguruwe. Dawa ipo, ila inapita kwa mutu, na huyo mutu ana mkono mrefu."

Léoncie aliingia ndani. Alitoa pesa, akaongeza, akasita, akaongeza tena. Akachota mchele na chumvi. Alipotoka alikuta wifi yake amesimama karibu na shimo, ameinua pua.

"Umepata ndizi!"

"Kidogo."

"Wapi? Kwetu hakuna anayetoka."

"Rumonge."

"Rumonge?" Spéciose aligeuka. "Kwa barabara gani? Si juzi tu wamechoma taxi pale?"

"Biashara ina barabara zake."

Béatrice alikuwa akiosha mitungi hatua chache kutoka pale. Aliinama zaidi, kama aliyepoteza kitu ndani ya mtungi.

Spéciose alipokea pesa kwa mikono miwili, akazihesabu kwa macho, akashtuka. "Hizi ni nyingi kuliko ndizi zangu."

"Chukua tu."

"Apana. Wifi, mi nitakulipa hata na miche." Alifunga pesa kwenye pindo la nguo. "Mungu akupe. Wanaume wametuletea hii vita, lakini kama kusingekuwa na mwanamke kama wewe, sisi tungekuwa tumekwisha. Nawaambia kila siku kule, wifi yangu ni patroni wa kweli, jina lake liko juu ya chupa."

Alimkumbatia. Léoncie alisimama wima ndani ya mikono ile, kama anayepimwa nguo. Neno lilifika kooni. Angeweza kulisema pale, lilikuwa fupi. Lakini akaona chupa tupu za Majid zimepangwa ukutani, kwenye kreti, safu kwa safu, akalimeza.

"Fanya haraka," alisema. "Wasije wakakufungia nje."

*

Pombe ya safari ile ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Huo ndio ulikuwa ukweli, na ulimkera. Ilikuwa safi kama machozi, ikishuka kooni inaacha joto bila kuchoma, na nyuma yake harufu ya ndizi mbivu inarudi puani. Udongo wa Ruziba una rutuba ya ziwa, na Spéciose alikuwa ameutia samadi kwa mikono yake miaka na miaka.

Siku ya sherehe, Mutanga Nord kulikuwa na majani yaliyokatwa sawasawa, viti vya kukodi, na walinzi wawili mlangoni. Milio ya bunduki ilisikika mara moja kutoka upande wa vilima, mbali. Wanawake wenye vitenge vya wax walisita, vijiko hewani, kisha wakaendelea kula.

Madame Adélaïde alishika maikrofoni kwa vidole viwili. "Wanasema mwanamke wa Burundi analia. Leo tunawaonyesha anayezalisha! Huyu mama wa Kanyosha hajangoja amani. Vita imefunga barabara, imefunga viwanda, haikumfunga yeye. Léoncie, simama wakuone!"

Léoncie alisimama. Walipiga makofi. Mama mmoja wa meza ya mbele alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Ndiye huyo? Nilidhani ni muosha vyombo." Mwenzake akamkanyaga mguu.

"Tuambie siri yako, chérie," Adélaïde alisema akimsogezea maikrofoni. "Kuna mabinti hapa wanataka kujifunza."

Léoncie alizitazama nyuso. Kwenye kila meza palikuwa na chupa yake, na kwenye kila chupa jina lake. Mikono yake ilikuwa imekauka kwa jivu, akaificha nyuma.

"Siri hakuna," alisema. "Unahitaji ndizi nzuri. Na mtu wa kukuletea."

"Mtu wa kukuletea!" Adélaïde aliwageukia watu. "Mwasikia? Ubia! Peke yako hufiki. Na huyo mtu yupo hapa?"

Alikuwepo. Valéry alikuwa amekuja na chupa, amekaa na madereva chini ya kivuli cha ukuta. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akainama kama mbunge. Wakampigia makofi na yeye.

Mwenye duka la mjini alimfuata Léoncie baadaye, akiwa bado anazungusha glasi. Alikuwa na maneno machache na haraka nyingi. Alitaka chupa kila mwezi, mara mbili ya zile za leo. Alitaja bei ambayo Léoncie hakuwahi kuisikia ikitajwa kwa kitu alichopika yeye. Angelipa akipokea mzigo. Mzigo ukichelewa mara moja tu, angeweka kinywaji kingine.

"Utaweza, madame? Ndizi zipo?"

"Zipo," alisema Léoncie.

Njiani kurudi, ndani ya lori, Valéry aliimba kando ya dereva wake. Léoncie alikuwa na malipo ya Adélaïde ndani ya sidiria, na alipanga: hizi za Spéciose, hizi za wafanyakazi, hizi za mrija mpya wa shaba. Fungu la Spéciose lilikuwa nono. Alilifunga peke yake kwenye leso. Kesho, alijiambia, kesho kabla ya chai.

*

Kesho yake Spéciose alitangulia yeye.

Alikuta mume na mke wanakunywa chai. Hakubisha hodi. Aliketi juu ya mkeka, nje kidogo ya kizingiti, miguu imenyooka mbele yake, imejaa matope makavu hadi magotini. Zénon aliinuka.

"Dada. Mumeamkaje kule?"

"Claude tumemzika Jumapili."

Zénon alishika mwimo wa mlango. Léoncie aliweka kikombe chini na kikombe kikapiga sahani.

"Na dawa?" aliuliza. "Zile pesa?"

"Walinisachi getini. Walisema mutu wa kambini hana kazi ya pesa nyingi hivyo, labda natumwa na waasi. Wakachukua. Mchele waliniachia." Spéciose alizungumza kama anayesimulia habari za jirani. "Jana ilikuwa zamu yangu kwenda shamba."

Léoncie aliitazama miguu ile yenye tope.

"Nimekuta vigogo tu. Wamekata mpaka ile midogo ya mwakani. Nikaketi pale. Nikafikiri, maana sina kingine cha kufanya. Ndizi za kupika, askari angekula. Lakini zile? Zile haziliki. Ukizichemsha zinakuwa kama sabuni. Anayeziiba lazima awe na mutu wa kumpelekea, mutu mwenye shimo, na mitungi, na pipa. Mutu wa lori zima. Nikahesabu watu kama hao upande huu. Nikatumia kidole kimoja."

"Wamesema zilipelekwa kaskazini," Zénon alianza. "Mi nilisikia ofisini..."

"Kaka, kunywa chai yako."

Zénon aliketi.

Léoncie hakujitetea. Hilo lazima lisemwe kwa ajili yake, maana hakuna mengine ya kusema. "Ni mimi," alisema. "Nilizijua zikiwa bado ndani ya lori. Siku ile ulipokuja zilikuwa humo shimoni, zako. Pesa yako hii hapa, nilikuwa nakuletea leo." Alitoa leso, akaiweka juu ya mkeka.

Spéciose aliitazama leso bila kuigusa. "Valéry ulimlipa ngapi?"

Léoncie akataja.

"Duh." Spéciose alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na uhai kidogo, ule wa mwanamke wa soko. "Mi nisingekuuzia kwa hiyo. We umepunjwa, wifi. Umeibiwa na wezi wangu."

Zénon alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Ilikuwa kilio. Wanawake wote wawili walimngoja amalize, kama wanavyongoja mvua ipungue.

"Nitukane," Léoncie alisema. "Au nipige. Usikae tu hivyo."

"Nikikutukana, nitarudi kambini na nini? Watoto wamebaki wawili, wanakula mchele wako." Sasa alichukua leso, akaifungua, akahesabu, akatoa noti chache na kuzisukuma nyuma zilizobaki. "Hizi niwekee hapa. Nikipita nazo zote watachukua. Nitakuwa nachukua kidogo kidogo." Akakunja zile chache, akazisukuma ndani ya nywele zake, chini ya kitambaa cha kichwa. Kisha akasema, bila kubadili sauti, "Huyo mutu wa mjini wanasema amekupa kazi kubwa. Kila mwezi."

"Nani kakuambia?"

"Dereva wa Valéry ana binti wake kambini kwetu, na jana usiku alilala naye. Tunajua yote." Alijipangusa tope la goti kwa kidole. "Utapata wapi ndizi?"

Léoncie aliziokota zile noti alizoachiwa.

"Upande wa mto migomba bado imesimama. Mashamba matatu, la mama Gélase, na yale mawili ya chini yake. Askari hawajayaona kwa sababu njia imefungwa na matete. Mi najua njia. Mama Gélase mgonjwa, hatatoka kambini leo wala kesho. Zitaliwa na ndege." Alimtazama wifi yake usoni, moja kwa moja. "Mwambie Valéry aje na watu, nitawaonyesha. Kila mkungu, mi unipe fungu langu, na kabla hamjapakia, si baada."

"Spéciose," Zénon alisema. "Mama Gélase alikuzalisha Claude."

"Najua alichozalisha."

Jua lilikuwa limefika kwenye mkeka. Nje, wanawake sita walikuwa wamekwisha kuja kazini. Béatrice aliwapa mafagio. Léoncie aliwatazama wakianza kufagia uwanja, akamtazama mume wake, akatazama miguu ya yule mwanamke iliyojaa tope la shamba lililokatwa. Hakuna aliyekuwa na la kumfundisha mwenzake asubuhi ile.

Alisimama, akaleta kikombe kingine na mkate, akamiminia wifi yake chai, akatia sukari bila kumuuliza, nyingi. Spéciose alikunywa. Alipokuwa akitafuna, Léoncie alitoka hadi mlangoni.

"Béatrice," aliita. "Acha kufagia. Nenda kaniitie Valéry."